Kuishi na mgongo unaouma: mambo niliyojifunza kwenye cherehani

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nina miaka 48, na kiuno kinaniuma tangu Januari 2014. Wenye kazi hii wanaijua Januari ilivyo: shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sketi ya bluu ya marinda na shati jeupe, na kila mmoja anazitaka kesho asubuhi. Siku moja ya mwezi ule niliinama kunyanyua robota la kitambaa lililokuwa sakafuni, nikasikia kitu kinakata upande wa kushoto, juu kidogo ya nyonga. Nikabaki nimeinama vilevile mpaka binti yangu akaja kunishika mkono. Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Haikuwa wiki. Miaka minne ya mwanzo niliitumia kungoja. Nilisema mgongo ukipona nitarudi kushona kama zamani, nitakwenda harusini, nitambeba mjukuu. Nilichuliwa, nilipigwa chuku, nilichomwa sindano nisizozijua jina, nikavaa mkanda mpana kiunoni hadi ngozi ikabadilika rangi. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaanza baada ya kuacha kungoja. Yananihusu mimi na kiuno changu, lakini naamini yatamfaa mtu yeyote ambaye maumivu yake yamepita miezi 3. Hapo ndipo wataalamu wanapoyaita maumivu sugu.

Kabla ya yote, hakikisha si ugonjwa mwingine

Sehemu hii naomba usiiruke. Maumivu mengi ya kiuno, takriban tisa katika kila kumi, hayatokani na ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Lakini hayo machache yaliyobaki yana hatari, na mengine hayangoji hata siku moja.

Ukishindwa kukojoa, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua, au ukahisi ganzi pale mwili unapokalia tandiko la baiskeli, yaani sehemu za siri na katikati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata kama ni saa nane usiku. Hapo mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo huenda imebanwa, na ikichelewa kufunguliwa huenda isirudi kuwa kama ilivyokuwa. Vivyo hivyo mguu ukianza kulegea, ukawa unaburuta kandambili au huwezi kusimama kwa visigino. Na ukianguka, iwe kutoka kwenye mnazi au bodaboda, usikimbilie kuchuliwa. Nenda hospitali ukapigwe picha ya mgongo kwanza.

Halafu kuna mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na mwili unaopungua bila sababu. Jirani yangu mmoja, kijana wa miaka 26, alikandwa miezi mitano kwa maji ya moto na majani. Kumbe ilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili za mgongo. TB haikai kwenye mapafu peke yake, na dawa zake hapa Tanzania hutolewa bure katika vituo vya serikali. Alimeza dawa kwa miezi mingi, leo anaendesha bajaji. Mgongo wake umebaki na kibyongo kidogo, ambacho pengine kisingekuwepo angewahi.

Kwa akina mama wenzangu: maumivu ya kiuno yanayokuja na mkojo unaochoma, au yanayofuata siku za hedhi, yaelezeni hivyo hivyo kwa daktari. Figo na kizazi navyo huumiza kiuno. Na aliyewahi kuugua saratani yoyote, akianza kuumwa mgongo mpya, aseme mapema.

Picha yangu na maneno yaliyonitia hofu

Mwaka 2018 nilipigwa MRI, picha inayoonyesha ndani ya mgongo. Majibu yalisema diski, yaani ule mto laini, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imevimba kwa nje na pingili zimeanza kusagika. Aliyenisomea alikuwa na haraka. Aliniambia mgongo wangu ni wa bibi wa miaka 70, nisiiname, nisibebe kitu, nikiendelea na cherehani nitapooza. Nilikuwa na miaka 41. Nililia kwenye basi hadi nikafika nyumbani, na kwa miezi mitatu sikuinama hata kuokota sindano. Nilitembea nimekakamaa kama niliyemeza ufito, na maumivu yalizidi.

Aliyenitoa kwenye shimo lile ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alisoma ile karatasi, akaiweka pembeni, akasema, "Mama, hii karatasi inaeleza umri wako. Sasa niambie wewe unaumwa vipi." Akanieleza kuwa diski zinazovimba zimejaa mitaani, kwa watu wasioumwa chochote. Baadaye mwanangu alinisomea mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao migongo yao haikuwa inauma. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba. Kati ya wenye miaka 40, nusu yao. Wote hao walikuwa wanakula na kulala vizuri.

Sisemi picha hazina kazi. Kwa kijana yule wa TB picha ndiyo iliyomwokoa. Ninachosema ni kwamba ukiambiwa "diski imetoka" au "uteute umekauka", usilibebe neno hilo kama hukumu. Muulize aliyekuambia: je, kilichoonekana kwenye picha kinalingana na pale ninapoumwa? Je, mishipa imebanwa, nguvu za miguu yangu zimepungua? Kama majibu ni hapana, basi mgongo wako una nguvu kuliko unavyodhani.

Kuna kitu kingine nilichokielewa kwa lugha ya kazi yangu. Cherehani ina skrubu ya kukazia uzi, sisi tunaiita tensheni. Ikikazwa mno, uzi mzuri kabisa, kwenye kitambaa kizuri kabisa, unakatika kila baada ya mishono mitatu. Fundi mchanga atabadilisha uzi, atabadilisha sindano, atalaumu kitambaa. Mishipa ya fahamu ya mtu aliyeumwa muda mrefu imekazwa namna hiyo. Jambo dogo, kama kugeuka kitandani au kuchuchumaa kidogo, linapigiwa kelele kama jeraha. Maumivu ni ya kweli, hayako kichwani wala si uvivu. Lakini kuumia si lazima iwe na maana kwamba kuna kinachoharibika. Nilipolielewa hili, kazi yangu ikawa ni kulegeza ile skrubu, robo kwa robo.

Kupima kazi

Hapa ndipo nilipopata nafuu kubwa kuliko dawa zote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa langu la miaka mingi lilikuwa hili: siku mgongo umetulia, nilifanya kila kitu. Nilifua mashuka yote, nikafagia uani, nikashona mpaka saa sita usiku kufidia siku nilizolala. Kesho yake siinuki. Nalala siku mbili au tatu, napata nafuu, naanza tena. Kila mzunguko ulikuwa unanipunguzia kidogo: mwaka wa kwanza nilimudu kushona saa nzima bila kuinuka, mwaka wa nne dakika 20 zilikuwa nyingi.

Mtaalamu aliniambia nichukue daftari langu la vipimo vya wateja, nigeuze nyuma, niandike kwa siku saba. Naandika nimekaa dakika ngapi kabla mgongo haujaanza kuwaka, na maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Yalitoka hivi: nikikaa kwenye cherehani, wastani ni dakika 20. Akasema basi utakaa 15. Si 20. Simu ikilia baada ya dakika 15 unasimama, hata kama huna maumivu yoyote, hata kama umebakiza upindo mmoja. Unatembea mpaka mlangoni na kurudi, unaweka mikono kiunoni unajinyoosha nyuma mara tano, unakaa tena.

Wiki ya kwanza ilinikera sana. Kusimama ukiwa huumwi kunaonekana kupoteza muda. Lakini nilishona sketi nyingi zaidi wiki ile kuliko wiki iliyotangulia, kwa sababu sikulala hata siku moja. Kila baada ya wiki mbili niliongeza dakika mbili. Leo nakaa dakika 35. Mwaka jana nilijaribu 45 nikaona hazinifai, nikarudi.

Kanuni ni ileile kwa kila kazi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, achilia mbali ndoo yenyewe. Mimi nachota ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ili mwili usilalie upande mmoja. Kufua nafua nguo za watu wawili kwa siku, si za nyumba nzima Jumamosi. Siku njema ndiyo siku ya kujizuia zaidi, na hilo ndilo gumu.

Meza, stuli, beseni na mbuzi ya nazi

Zamani nilikuwa nakata vitambaa sakafuni, juu ya mkeka, nimeinama kama anayepalilia. Mafundi wengi bado tunafanya hivyo. Nilimwomba seremala aniongezee miguu ya meza ya kukatia mpaka ifike usawa wa mfupa wa nyonga. Nikisimama wima, viganja vinalala juu ya meza bila kuinama. Gharama yake ilikuwa mbao nne na misumari, na ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika ugonjwa huu.

Stuli ya mbao isiyo na egemeo niliibadilisha na kiti, nikaweka mto mdogo wa mabaki ya kitambaa pale kiuno kinapojikunja kwa ndani. Kiti nakisogeza hadi tumbo linakaribia cherehani, kwa sababu ukikaa mbali lazima uinamie kazi. Miguu yote miwili inakaa kwenye pedali. Nilikuwa na tabia ya kukanyaga kwa mguu wa kulia tu na kuukunja wa kushoto chini ya kiti, na ndio upande ule ule uliokuwa unauma. Kama una uwezo wa kufunga mota, funga.

Nyumbani, beseni la kufulia liko juu ya benchi. Ufagio wa njiti nimeufunga kwenye mpini wa mti. Jiko la mkaa limewekwa juu ya matofali. Mambo haya kila mtu anayaona madogo, lakini hesabu mara ngapi kwa siku mwanamke wa hapa anainama, kuanzia kuwasha moto mpaka kuosha vyombo, ndipo utajua kwa nini jioni kiuno kinakatika.

Mbuzi ya nazi ilinishinda. Ule ukaaji, magoti juu, mgongo umejikunja, mikono inasukuma, kwangu haukubali hata dakika tano. Nilihangaika nao kwa sababu mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliamini nazi ya mashine haina tui. Sasa nanunua iliyokunwa sokoni, au mwanangu wa kiume anakuna. Mchuzi ni uleule.

Ila naomba nieleweke. Sikubadilisha vitu hivi ili nisiiname tena maisha yangu yote. Mgongo umeumbwa uiname. Nilipunguza mizigo wakati mwili ni dhaifu, kisha nikarudisha kidogo kidogo. Kuokota kitu kizito bado nakisogeza karibu na mwili, nakunja magoti na nyonga, nanyanyuka nikitoa pumzi. Lakini sindano ikianguka nainama tu kama mtu mwingine. Hofu ya kuinama iliniumiza kuliko kuinama kwenyewe.

Mazoezi yangu ya asubuhi

Nayafanya juu ya mkeka baada ya sala ya alfajiri, dakika 12 hivi.

Nalala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Nagandamiza kiuno kwenye mkeka taratibu nikihesabu hadi tano, naachia. Mara kumi. Halafu navuta goti moja hadi kifuani, kisha jingine. Baada ya hapo nanyanyua makalio juu, mabega na nyayo vikibaki chini, nashikilia nikihesabu hadi tano, nashuka polepole. Nilianza na mara nne nikitetemeka, sasa nafanya kumi na tano. Kisha napiga magoti na viganja kama mtoto anayetambaa, nanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, tumbo nimelikaza, halafu nabadilisha. Hili la mwisho ndilo lililonirudishia uwezo wa kubeba.

Mwishoni nalala kifudifudi, natumia mikono kuinua kifua huku nyonga zikibaki chini. Mimi linanisaidia, maumivu yaliyokuwa yanavuta mpaka pajani yanarudi kiunoni na kupungua. Kwa dada yangu, ambaye naye anaumwa, zoezi hilohilo linazidisha, yeye anapata nafuu akikunja magoti kifuani. Kama zoezi linasukuma maumivu yashuke chini kuelekea unyayoni, liache na umuulize mtaalamu. Kama linauma kidogo kisha linatulia kabla ya siku kwisha, endelea nalo.

Mengine yote ni kutembea. Natoka nyumbani jua halijapanda, naelekea upande wa Raskazoni, nageuka nikiiona bahari vizuri. Nilianza kwa nguzo za umeme: siku ya kwanza nguzo tatu kwenda, tatu kurudi. Kila wiki nguzo moja zaidi. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa kiuno karibuni. Walioelekezwa kutembea, lengo likiwa dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa kwa wastani siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasioelekezwa walikaa siku 112. Kutembea hakudai nauli wala bima. Baiskeli pia nimeirudia, maana Tanga bila baiskeli ni tabu, lakini niliinua usukani ili nisiinamie mbele, na nakwepa mashimo.

Dawa, sindano na mkanda

Diklofenaki, ambayo mtaani wengi tunaiita diklopa, nilimeza miaka miwili mfululizo kama mtu anayekula njugu. Nilinunua dukani bila cheti, na zilipopungua nguvu nikachanganya na brufeni. Mwisho nilitapika damu. Dawa hizi zinasaidia, sikatai, lakini ni za siku chache, baada ya kula, kwa kipimo ulichopewa. Zinatoboa tumbo, zinaumiza figo na kupandisha presha. Diklofenaki na brufeni ni ndugu wa ukoo mmoja, hazimezwi pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, shida ya figo au mimba asizimeze bila daktari kujua.

Jihadhari zaidi na vidonge au unga usio na jina unaouzwa kama dawa ya mifupa, hasa ule unaokuponya usiku mmoja. Baadhi huchanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe. Ukiona uso unavimba kuwa wa duara, hamu ya kula imezidi na sukari inapanda, nenda na hicho kikopo kwa daktari. Na usikiache ghafla kabla hajakuelekeza, maana mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimia ukinyimwa.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno. Linashauri elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kuchuliwa na tiba ya mazungumzo, na linasema mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine visiwe tiba ya kawaida. Niliposikia la mkanda nilikumbuka ngozi yangu. Kuchuliwa bado nachuliwa, mara moja moja, na mama mmoja mwenye mikono mizuri, kwa mafuta ya karafuu. Kunanilegeza nalala vizuri. Lakini sikubali mtu anipande mgongoni kwa miguu, wala anisokote shingo.

Kulala

Niliambiwa nilale sakafuni, nikalala sakafuni mwezi mzima, nikaamka kila siku kama gogo. Godoro la kati, lisilozama wala lisilo gumu kama ubao, ndilo linalonifaa. Nalala ubavu, na kanga mbili zilizokunjwa katikati ya magoti. Nikilala chali zinahamia chini ya magoti.

Kuamka kuna utaratibu wake. Usikurupuke kwa kuinua kichwa na kifua. Geuka ubavu, shusha miguu nje ya kitanda, huku mkono ukisukuma godoro, uzito wa miguu utakusaidia kukuinua. Kaa ukingoni, vuta pumzi tatu, simama. Mgongo wa asubuhi ni mzito, nusu saa ya mwanzo usiudai kazi ya kuinama.

Watu wa nyumbani

Maumivu ya mgongo hayana bandeji. Watu wanakuona umevaa vizuri, umetoka, wanasema huyu haumwi. Nilisikia kwa masikio yangu nikiitwa mvivu, na wengine walisema nimetupiwa kitu. Yaliniuma kuliko kiuno. Na nimeona kwenye daftari langu: wiki ya madeni, wiki ya msiba, wiki niliyogombana na mtu, namba zinapanda ingawa kazi ni ileile. Kwa hiyo usione aibu kuzungumza na mshauri nasaha au mtu unayemwamini. Huzuni inakaza ile skrubu.

Nilijifunza kuomba msaada kwa jina la kazi. Zamani nilisema "hamnionei huruma", kila mtu akanyamaza. Sasa nasema, "Baba Salma, naomba uniingizie ndoo hii," na anaingiza. Siku nikiwa na 7 au 8 naandika namba kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Watoto wanaiona, hawaulizi mengi, wanajua siku hiyo vyombo ni vyao.

Na mambo ya chumbani, ambayo hakuna aliyenieleza hospitali na mimi niliona haya kuuliza. Mwaka mzima tuliogopana, kila mmoja akidhani mwenzake hataki. Tulipozungumza ikawa rahisi. Kulala kwa ubavu, mto chini ya kiuno, bila haraka, na ruhusa ya kusema "hapo basi" bila mtu kununa. Zungumzeni, mkiwa mmekaa sebuleni, mchana, na si wakati ule ule.

Siku mgongo ukikorofika

Itakuja. Hata baada ya miezi ya nafuu, utapiga chafya vibaya na utakwama. Mimi nina karatasi niliyoiandika nikiwa mzima, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu siku hiyo akili haifanyi kazi. Imeandikwa hivi: Umeshapita hapa, mara ya mwisho ilikwisha siku ya nne. Angalia dalili za hatari, kojoa, gusa mapaja, simama kwa visigino. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, dakika 15. Usilale kutwa, kila saa inuka utembee chumbani dakika tano. Mazoezi nusu. Dawa aliyokuandikia daktari, siku tatu, na chakula. Mpigie mteja wa kesho umwombe siku mbili.

Mstari wa mwisho ndio uliokuwa mgumu kuuandika. Lakini tangu nianze kuwapigia, sijapoteza mteja kwa kusema ukweli.

Kiti changu

Nina kiti cheupe cha plastiki ambacho nilikuwa nakikalia nikisali. Dini imemruhusu mgonjwa asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu, na sioni dhambi hata kidogo kwa anayekihitaji. Lakini kusujudu nilikuwa nakukosa kwelikweli. Mtaalamu wangu hakucheka nilipomwambia hilo ndilo ninalolitaka kabla ya kushona. Tulianza na mito mitatu ya kuwekea paji la uso, kisha miwili, kisha mmoja. Ilichukua miezi saba mpaka paji likagusa mswala.

Ramadhani iliyopita nilisali tarawehe msikitini. Rakaa nane za mwanzo nilisimama na kusujudu pamoja na wenzangu, zilizobaki nilikaa kwenye kiti. Binti yangu alikuwa amekibeba, akakiweka nyuma ya safu kabla sijamwambia.